Njaa ya Bujumbura ilikuja kwa barabara

Wiki hii naandika historia, kwa sababu kwenye kundi tumebishana sana kuhusu ile akiba ya chakula tunayotaka kuanzisha kwa ajili ya familia zilizoko Bujumbura mjini. Kuna waliosema: Burundi ni nchi ya wakulima, mvua inanyesha, chakula kipo, shida ni pesa tu. Mimi hapo sikubali. Ukifuata historia ya mji huu utaona njaa yake mara nyingi haikutoka shambani. Ilitoka barabarani.

Angalia kwanza mji umekaa wapi. Uko kwenye ncha ya Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini. Juu ni milima yenye ndizi, mihogo na maharagi. Pembeni ni bonde la Rusizi, na ng'ambo yake ni kwetu Uvira. Vitu vya mbali vinakuja kwa malori au kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu. Sasa mama wa Bwiza au Buyenzi hana shamba. Anapika alichonunua siku ileile. Barabara ikifungwa Jumatatu, Jumatano sufuria inakaa tupu.

Na barabara zilifungwa kweli. Rais Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita ikaanza, na mji ukakatika vipande vipande, kila kartie na watu wake. Miaka ya 1994 na 1995 kulikuwa na siku zilizoitwa "ville morte", mji uliokufa. Vijana wa rika letu ndio walikuwa wanafunga njia (hilo tusilisahau), na mtu hakuthubutu kwenda sokoni. Anayeishi kwa kibarua cha siku hiyo alikosa kazi na chakula kwa pamoja. Machi 1995 watu wengi walifukuzwa Bwiza na sehemu za Buyenzi, wengine wakavuka mpaka kuingia Zaire. Mtu akihama, jirani aliyekuwa anamkopesha unga anabaki nyuma.

Halafu ikaja ile ambayo watu wa Buja wanaiita ambargo hadi leo. Tarehe 25 Julai 1996 Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu ya jeshi. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Mipaka ikafungwa kwa biashara. Nia yao ilikuwa kulibana jeshi likubali katiba na mazungumzo. Mimi sisemi nia ilikuwa mbaya, na kuna wanaosema bila vikwazo mazungumzo ya Arusha yasingeanza. Lakini fikiria mafuta ya gari yanapokosekana. Lori halishuki mlimani. Mboga zinaozea juu, huku chini mjini bei inapanda. Hata misaada ilibidi iombewe ruhusa ya kupita, na ruhusa ilichukua muda. Ni Aprili 1997 tu viongozi walipolegeza masharti upande wa chakula, dawa, vitu vya shule na vya kilimo. Vikwazo vyenyewe vilisimamishwa Januari 1999. Hesabu mwenyewe: miaka miwili na nusu.

Na usidhani hakuna kilichoingia. Magendo yalikuwepo. Aliyekuwa na gari, bunduki au rafiki serikalini alipata mafuta na akauza kwa bei aliyotaka. Wakubwa hawakulala njaa. Vikwazo vilipigwa juu vikaangukia chini.

Mwaka uleule vikwazo viliposimamishwa, milima yenyewe ikafungwa. Septemba 1999 serikali iliwatoa watu zaidi ya laki tatu kwenye vilima vya Bujumbura Rural ikawaweka kwenye makambi, ikisema inawatenga na waasi. Hao ndio waliokuwa wanalisha mji. Sasa mkulima anakaa chini ya shitingi, anaona shamba lake kwa macho na haruhusiwi kulifikia mpaka askari aseme. Ndugu wafanyakazi wa misaada mnaosoma hapa mnaujua huo mtihani: ukipeleka chakula unaonekana unasaidia kambi ya kulazimishwa, usipopeleka watoto wanakufa. Wenzenu walilipa kwa damu pia. Tarehe 12 Oktoba 1999 wafanyakazi wawili wa Umoja wa Mataifa, mmoja wa UNICEF na mwingine wa PAM, waliuawa huko Rutana walipokwenda kutembelea kambi. Makambi ya Bujumbura Rural yalivunjwa mwaka 2000, baada ya Mandela kuchukua nafasi ya Nyerere na kuyapinga waziwazi.

Baada ya amani kuna tarehe moja tu nataka muishike: 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Mtaji wa wafanyabiashara wengi wadogo ukawa majivu asubuhi moja. Hapo hata bunduki haikuhitajika.

Sasa njoo kwetu. Mapema mwaka 2025, vita ilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka Rusizi. Mwaka huohuo PAM ikapunguza posho ya wakimbizi Burundi hadi nusu, kwa sababu pesa ilikuwa ndogo na midomo imeongezeka. Hiyo ni kambini. Mkimbizi aliyechagua kuishi mjini hana posho ya kila mwezi, anajitegemea, na jirani yake Mrundi naye ananunua kwa bei ileile. Ndiyo maana nimesema kwenye kundi, na narudia: orodha yetu isiwe ya wakimbizi peke yao. Tukibagua, kartie itatuona kama watu wenye siri.

Mji wenyewe unajua kuweka akiba. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kila mwisho wa Ramadhani watu wanatoa zaka ya fitri, kipimo cha chakula kwa kila mtu wa nyumba, na inatakiwa imfikie maskini kabla ya sala ya Idi. Hakuna fomu wala picha. Anayegawa anajua mlango gani hauna moshi. Huko vijijini kuna akina mama wanaoitwa "maman lumière". Wenye watoto waliodhoofika wanakusanyika kwa mmoja wao siku 12, kila mmoja analeta alichonacho, maharagi, ndagala, lenga-lenga, wanapika sufuria moja. Utafiti wa taifa wa 2016-17 ulikuta watoto 56 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa hiyo hao akina mama hawafanyi mchezo.

Pendekezo langu: tununue maharagi mwezi wa sita na wa saba, wakati wa mavuno, barabara ikiwa wazi na bei iko chini, na tusiyaguse mpaka mwezi wa kumi. Tuyaweke sehemu mbili, siyo nyumba moja, kwa sababu mmeona mji huu ulivyokatika. Funguo zikae kwa akina mama wawili wasio ndugu. Jumamosi tukikutana, kila mmoja aje na jina la familia moja anayoijua kwa macho yake, na aseme inanunua chakula wapi.