Pikapu za Gitaa: Ile "Sauti ya Zamani" Ilitoka Wapi?

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona baadaye kwamba sikwenda mbali sana.

Rafiki yangu anayepiga gitaa kanisani aliniuliza juzi anunue pikapu gani ili apate "ile sauti ya zamani". Pikapu hapa si lile gari la kubebea mchanga. Ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kupeleka mtikisiko wake kwenye amplifaya. Nilidhani ningemjibu kwa sentensi moja. Nilipoanza kuchimba nikakuta kwamba sauti ya zamani haikuwa moja, na sehemu kubwa yake hakuna mtu aliyeipanga.

Kifaa chenyewe ni rahisi mno. Chukua sumaku, izungushie waya wa shaba mwembamba kama unywele (unene wake ni kama milimita 0.06) mara elfu kadhaa, kisha weka uzi wa chuma juu yake. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unatikisika pia, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Ni kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ile tuliyoikariri shuleni bila kujua ina faida gani. Mwaka 1931 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko California, waliitumia katika gitaa la kulaza mapajani lililobandikwa jina la "Frying Pan" kwa sababu ya umbo lake. Beauchamp aliomba hataza mwaka 1934 akaipata mwaka 1937. Kufikia hapo wenzake hawakuwa wamemngoja. Gibson walikuwa wameshatoa gitaa lao la umeme, ES-150, mwaka 1936.

Tatizo la pikapu hizi za koili moja ni kwamba waya haujui kuchagua. Unasikiliza uzi, na pia unasikiliza transfoma, taa za mirija na nyaya za stima ukutani. Matokeo yake ni ule mvumo wa "vuuum" kwenye spika. Marekani stima hutikisika mara 60 kwa sekunde, hapa Kenya mara 50, kwa hiyo mvumo wetu ni mzito kidogo, karibu na noti ya G ya chini. Ukipenda kupiga katika G una bahati!

Mtu aliyeondoa mvumo huo kwa umaridadi ni Seth Lover, fundi wa elektroniki wa kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, Michigan. Ndani ya amplifaya moja ya Gibson tayari kulikuwa na koili iliyojengwa kwa namna ya kufuta mvumo, naye akajiuliza kwa nini pikapu isijengwe hivyo hivyo. Akaweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na ncha ya kaskazini ya sumaku juu na nyingine kusini, kisha akaziunga kinyume. Mvumo wa stima haujali ncha za sumaku, kwa hiyo unaingia katika koili zote mbili, na kwa kuwa zimeungwa kinyume unajifuta. Ishara ya uzi imegeuzwa mara mbili, na sumaku kisha na muungo, kwa hiyo inajumlishwa. Hasi mara hasi ni chanya. Kwangu hii ni mojawapo ya suluhisho safi kabisa katika elektroniki yote, na haina hata transista moja ndani yake.

Lover aliomba hataza mwaka 1955. Pikapu zilianza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957 zikiwa na kibandiko cha kueleza kwamba hataza imeombwa, kwa Kiingereza "Patent Applied For". Ndiyo sababu wapiga gitaa huziita PAF hadi leo. Hataza ilitoka mwaka 1959, nambari 2,896,491, lakini kibandiko cha zamani kiliendelea kutumika hadi karibu mwaka 1962. Kilipobadilishwa kikaandikwa nambari 2,737,842, ambayo ni hataza ya kitu kingine kabisa: kishikio cha nyuzi cha Les Paul. Wengine husema ilikuwa hila ya kuwapoteza washindani. Mimi nimeona makosa ya kunakili na kubandika ya kutosha kazini, sina haraka ya kuamini hila.

Sasa utamu wenyewe. Mchoro wa Lover ulikuwa safi, lakini kiwandani mambo yalikwenda kivyake. Lengo lilikuwa takriban mizunguko 5,000 kwa kila koili, ila wafanyakazi walizungusha waya hadi kibobini kionekane kimejaa. Koili moja ikazidi nyingine. Sumaku za alniko (yaani alumini, nikeli na kobalti) zilinunuliwa za daraja lolote lililopatikana sokoni. Kwa hiyo ukipima PAF kumi unaweza kupata ukinzani wa omu 7,000 hapa na 9,000 pale. Koili zisipolingana, mvumo haufutiki wote, lakini hata zile sauti za juu hazifutiki zote, na pikapu inabaki na uwazi fulani ambao zile zilizolingana sawasawa hazina. Kasoro ikawa ndiyo utamu.

Na hakuna aliyejali wakati ule! Gitaa la Les Paul Standard la miaka ya 1958 hadi 1960, lile la rangi ya jua linalozama, liliuzwa vibaya. Hayakufika hata 2,000, na Gibson wakaacha kulitengeneza. Kisha mwaka 1966 Eric Clapton akarekodi na John Mayall akitumia gitaa la aina hiyo na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Vijana wakaanza kuyasaka. Gibson wakarudisha Les Paul mwaka 1968. Leo gitaa moja la mwaka 1959 lina bei ya nyumba.

Baada ya hapo likazaliwa soko zima la pikapu za kubadilisha: Larry DiMarzio mwanzoni mwa miaka ya 1970, Seymour Duncan mwaka 1976, na wengine wengi. Wengi wao huuza kumbukumbu.

Hapa ndipo mnunuzi anaweza kuumia. Chukua Stratocaster ya mwaka 1954. Sumaku zake sita hazina kimo kimoja. Ile ya uzi wa tatu iliinuliwa kwa sababu zamani uzi huo ulivingirishwa waya na sauti yake ilikuwa dhaifu. Siku hizi wengi hutumia uzi wa tatu mtupu, wenye nguvu zaidi. Ukinunua nakala aminifu ya pikapu ya zamani, uzi wa tatu utapiga kelele kuliko wenzake. Umelipia suluhisho la tatizo lisilokuwepo tena, kama programu inayoendelea kubeba msimbo wa diski za flopi.

Kisa kingine ni kinyume chake. Lover alihamia Fender mwaka 1967 na huko akabuni pikapu ya Wide Range yenye skrubu za sumaku ya CuNiFe, mchanganyiko wa shaba, nikeli na chuma. Aliichagua kwa sababu inaweza kukatwa hesi, wakati alniko hukatika. Sumaku hiyo ilikuja kuadimika. Fender waliporudisha Wide Range miaka ya baadaye, kifuniko kilikuwa kile kile, lakini ndani mlikuwa na pikapu ya kawaida, ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa nta. Wanaoandika programu wataelewa: sura ya nje ile ile, kazi ya ndani tofauti. Ilibidi tungoje hadi karibu mwaka 2020 Fender kurudi kwenye CuNiFe yenyewe.

Rafiki yangu nilimuuliza anatumia amplifaya gani. Akasema ile ya kanisa, ya kutumia transista, spika yake imepasuka upande mmoja. Nikamwambia aanze na spika. Pia atumie bisibisi kushusha pikapu alizonazo milimita mbili hivi mbali na nyuzi, kisha asikilize tena; hilo halina gharama. Pikapu ameahirisha hadi Desemba. Mwenye spika ya inchi 12 ya kuuza, bei ya kirafiki, aniandikie.