Laana ya uchi

Laana ya uchi ni kitendo cha mwanamke, hasa mama au bibi, kuvua nguo au kufunua sehemu ya mwili wake hadharani kwa makusudi, ili kumlaani, kumtahayarisha au kumzuia mtu anayemdhulumu. Ni aina ya lugha ya mwili, yaani mawasiliano yasiyotegemea maneno. Katika Afrika Mashariki inajulikana hasa kwa Wakikuyu wa Kenya, wanaoiita guturama, na kwa Waacholi wa Uganda.

Maana

Nguvu ya kitendo hiki inatokana na uzazi. Mwili unaofunuliwa ni ule uliomzaa mtu na kumnyonyesha, na katika jamii hizi ni mwiko mzito kwa mwanamume kuona utupu wa mama yake au wa mwanamke wa umri wa mama yake. Mama anapojivua mwenyewe anatangaza kwamba heshima iliyowafunga yeye na anayemtazama imekwisha vunjwa, na aliyeivunja ni huyo mwingine. Kwa hiyo jibu linalotarajiwa nalo ni la mwili: kugeuza uso, kufumba macho, kurudi nyuma au kukimbia. Asiyefanya hivyo huhofiwa kupata balaa.

Umri ni sehemu ya ujumbe. Msichana akivua nguo hueleweka vingine kabisa.

Kitendo hiki kisichanganywe na unaturisti, yaani desturi ya watu kukaa pamoja bila nguo kwenye fukwe au kambi maalumu, ambao shirikisho lake la kimataifa liliundwa huko Montalivet, Ufaransa, mwaka 1953. Wanaturisti hujitahidi kuufanya uchi usiseme lolote: humtazama mwenzao usoni, hawakodoi macho, hutandika taulo kabla ya kuketi. Katika laana ya uchi, uchi wenyewe ndio ujumbe. Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama, yaani hujificha kwa aibu. Wanawake hawa hawakuvuliwa, wala hawakuchutama; aibu waliielekeza kwa waliowatazama.

Kenya

Tukio la kale linalokumbukwa zaidi ni la Nairobi, tarehe 16 Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, aliyekamatwa siku mbili kabla kwa kupinga kipande na kodi. Viongozi wa kiume walipowashauri watu waondoke, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni hilo na wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele na umati ukasonga mbele. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 21, ingawa hesabu nyingine ni kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tukumbuke kwamba hapa waliotahayarishwa kwanza walikuwa wanaume wa upande wake mwenyewe.

Miaka 70 baadaye, tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi, vijana wa umri wa watoto wao. Maathai alieleza katika kumbukumbu zake kwamba walikuwa wakiwalaani askari kama ambavyo mama angemlaani mwanawe wa kumzaa. Akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints wakaendelea na madai yao, na kufikia mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliowadai walikuwa wameachiliwa. Kona ile ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi leo.

Uganda

Katika wilaya ya Amuru, wanawake wa Kiacholi walivua nguo Aprili 2012 kupinga ardhi yao kupimwa kwa ajili ya mashamba ya miwa, na tena Aprili 2015 huko Apaa, mbele ya mawaziri wawili waliofika kwa suala la mpaka na wilaya ya Adjumani. Wengi walikuwa wazee waliorudi kijijini baada ya miaka ya kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita vya kaskazini. Hawakuwa na hati za ardhi.

Aprili 2016 mwanazuoni Stella Nyanzi alivua nguo katika Chuo Kikuu cha Makerere baada ya kufungiwa ofisi. Tukio hilo lilizua mabishano makali: wengine waliona ni silaha ileile ya akina mama, wengine wakasema ugomvi wa ofisi hauistahili.

Kwingineko Afrika

Kusini-mashariki mwa Nigeria silaha hii ilitumika katika vita vya wanawake vya mwaka 1929, na huko Kamerun katika harakati za anlu za Wakom kuanzia 1958. Mwaka 2003, mjini Accra, wanawake wa Liberia walizuia milango ya ukumbi wa mazungumzo ya amani. Walinzi walipokuja kumkamata kiongozi wao, Leymah Gbowee, alianza kuvua nguo, nao wakasita. Mapatano yalitiwa saini mwezi Agosti mwaka huohuo.