Mikopo ya Msimu na Anguko la Benki ya Taifa ya Biashara

Benki ya Taifa ya Biashara ya Tanzania, ambayo wengi waliijua kwa kifupi cha NBC, ilianzishwa Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipozitaifisha benki za kigeni, zikiwemo Barclays na Standard, na kukabidhi shughuli zao kwa shirika moja la umma. Kwa zaidi ya miaka ishirini benki hiyo ilishika sehemu kubwa ya amana na mikopo ya biashara bila mshindani wa maana upande wa Bara, na kilichokuja kuidhoofisha ni kukosa uhuru wa kumkatalia mkopaji.

Udhaifu huo ulijitokeza zaidi katika mikopo ya msimu, yaani fedha walizokopeshwa wanunuzi wa pamba, kahawa au korosho ili wawalipe wakulima, kisha wazirejeshe mazao yakishauzwa. Wakopaji walikuwa vyama vya ushirika na, baada ya vyama vikuu kufutwa mwaka 1976, mamlaka za mazao. Bei ya kununulia ilipangwa na serikali, gharama za kusomba mazao zilipanda, na mauzo yaliposhindwa kufidia gharama hizo deni lilibaki vitabuni. Hata hivyo msimu mpya ulipowadia benki ilitakiwa kutoa fedha nyingine, kwa kuwa kukataa kungewaacha wakulima na mazao yasiyo na mnunuzi. Mkopeshaji na mkopaji wote walikuwa mikononi mwa serikali, na aghalabu dhamana, yaani ahadi ya kulipa deni iwapo mkopaji atashindwa, ilitoka serikalini humo humo, kiasi kwamba kupima uwezo wa mkopaji kabla ya kumkopesha kulibaki kuwa utaratibu wa makaratasi tu.

Tume ya Rais ya kuchunguza mfumo wa mabenki, iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu, iliwasilisha ripoti yake mwaka 1990, na mwaka uliofuata sheria mpya ya mabenki ikaruhusu benki binafsi na kuipa Benki Kuu meno ya usimamizi. Mwaka huo huo wa 1991 kiliundwa chombo kilichoitwa LART, ambacho kazi yake ilikuwa kuchukua mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, na kuwafuatilia wadaiwa, huku benki ikifidiwa kwa hatifungani, ambazo ni hati za serikali kukiri deni na kuahidi kulilipa pamoja na riba. Mzigo wa benki ukahamia kwa mlipakodi.

Hata baada ya vitabu kusafishwa, mikopo mibaya ilizaliwa upya, kwa sababu mazoea ya kukopesha yalikuwa yale yale. Ndipo mwaka 1997 benki ilipogawanywa: NBC mpya ikabaki na shughuli za biashara, NMB ikachukua matawi mengi ya wilayani na kuwekewa mipaka mikali ya kukopesha, na kampuni hodhi ikapewa mali na madeni yaliyosalia. Mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za NBC ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Uuzaji huo ulizua ubishi mkubwa, lakini miaka iliyoutangulia ilikwisha kuthibitisha jambo moja: kuijazia benki mtaji bila kumbadili anayeamua nani akopeshwe ni kuandaa hasara inayofuata.