Mstari Mweupe Kwenye Jeli: Jinsi Kipimo cha Kingamwili za Thairoidi Kilivyozaliwa

Katikati ya miaka ya 1950, katika Hospitali ya Middlesex jijini London, daktari mmoja mwanamke aitwaye Deborah Doniach alikuwa akifuatilia damu ya wagonjwa waliopasuliwa tezi ya shingo, yaani thairoidi. Alikuwa akifanya kazi na mpasuaji Rupert Vaughan Hudson. Akagundua kitu kilichomsumbua: wenye ugonjwa wa Hashimoto walikuwa na gamaglobulini nyingi kupita kawaida. Hizo ni protini za damu, na kingamwili zimo humo. Tezi ikishatolewa, zilishuka.

Kwa kawaida mwili hutengeneza kingamwili kwa sababu kuna adui aliyeingia, iwe kijidudu, sumu au damu ya mtu mwingine. Hapa mgeni hakuwepo. Kilichokatwa kilikuwa nyama ya mgonjwa mwenyewe, na kilipokatwa, vita vikapoa.

Mtaalamu kijana wa baiokemia, Ivan Roitt, akaamua kuuliza kwa vitendo kama mwili ulikuwa unaipiga vita tezi yake wenyewe. Alichukua seramu, yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, akaikutanisha ndani ya jeli na maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya thairoidi ya binadamu. Ndani ya jeli vitu hivyo hutambaa polepole, kila kimoja kutoka upande wake. Kama havihusiani, hupishana na hakuna kinachoonekana. Kama kimoja ni kingamwili na kingine ndicho inachokiwinda, vinaposhikana hugeuka vizito na kuacha mstari mweupe, unaouona kwa macho yako bila darubini.

Mstari ulitokea. Damu ya mgonjwa ilikuwa inaitambua tezi ya thairoidi kama kitu cha kushambuliwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umepata jina zamani kabla ya kupata maelezo. Hakaru Hashimoto alizaliwa mwaka 1881 katika mkoa wa Mie, Japani, kwenye ukoo wa matabibu, akasomea udaktari Fukuoka, akafanya kazi katika idara ya upasuaji. Mwaka 1912, akiwa na miaka 31 hivi, alichapisha katika jarida la upasuaji la Kijerumani makala ndefu kuhusu wanawake wanne, wote wa makamo, waliotolewa tezi zilizovimba. Chini ya darubini alikuta kitu ambacho vitabu vya wakati ule havikukieleza: tezi zilikuwa zimejaa limfosaiti, zile chembe nyeupe za ulinzi, zimejipanga kwa makundi kana kwamba zimehamia na kujenga makazi. Chembe za thairoidi zenyewe zilikuwa zimesinyaa, na kovu limeanza kuenea katikati yake.

Aliandika alichokiona, wala hakujidai kujua sababu. Alikwenda kusoma zaidi Ujerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia vikamrudisha nyumbani, akaishia kuwa daktari wa mji wake, akitibu watu wa kawaida kwa magonjwa ya kawaida. Huko Ulaya na Marekani, wengi walidhani alichokieleza ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine, ule wa Riedel, unaoifanya tezi kuwa ngumu kama ubao. Mpaka mwaka 1931 ndipo Allen Graham wa Cleveland alipotetea kwamba haya ni maradhi mawili tofauti. Mwaka 1934 Hashimoto alifariki kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 52. Miaka mingine 22 ikapita kabla ya mtu yeyote kueleza zile limfosaiti alizoziona zilikuwa zinatafuta nini.

Iliwachukua muda mrefu hivyo kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa limewekewa kizuizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya kinga, alikuwa amefundisha kwamba mwili una woga wa kujidhuru, na kwamba hauwezi kuigeuzia silaha nyama yake wenyewe. Kauli hiyo ilirithiwa na wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, hadi ikawa kama sheria.

Mmoja wa warithi hao alikuwa Ernest Witebsky, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kuhamia Buffalo, jimbo la New York. Mtafiti kijana aliyefanya kazi chini yake, Noel Rose, alipewa kazi kwenye thairoidi. Rose alimdunga sungura protini iliyotoka kwenye thairoidi za sungura. Kwa mujibu wa Ehrlich, mwili ulipaswa kukaa kimya. Haukukaa kimya, ulitoa kingamwili. Labda ni kwa sababu protini ilitoka kwa sungura wengine? Basi akakata sehemu ya tezi ya sungura mmoja, akaikamua, akamdunga yuleyule mwenye tezi. Kingamwili zikatokea. Tezi iliyobaki shingoni ilipopasuliwa na kuangaliwa, ilikuwa imejaa limfosaiti, sura ileile aliyoichora Hashimoto.

Ninamheshimu sana Witebsky kwa kilichofuata. Alikuwa na kila sababu ya kuyafunika majibu hayo, maana yalikuwa yanabomoa aliyofundishwa na aliyoyafundisha. Alirudia majaribio, akadai uthibitisho zaidi, na mwishowe akayachapisha pamoja na Rose mwaka 1956. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, jarida la The Lancet likatoa taarifa ya akina Roitt, Doniach, Campbell na Hudson kutoka London. Buffalo walionyesha kwamba inawezekana kwa sungura, na London wakaonyesha kwamba inatokea kwa watu. Na Doniach alizaliwa mwaka 1912, mwaka uleule wa makala ya Hashimoto. Sijui kwa nini jambo hilo dogo hunigusa kila nikilikumbuka.

Kitu kilichoshikwa na mstari wa Roitt ni thairoglobulini, ile protini ambayo tezi huitumia kutengenezea homoni na kuhifadhia. Baada ya muda mfupi ikaonekana kuna shabaha nyingine ndani ya chembe za tezi. Kwa kuwa hawakuijua sawasawa, wakaiita kwa jina la mabaki ilimopatikana, "mikrosomu". Mwaka 1985 watafiti walithibitisha kuwa ni kimeng'enya kinachopachika madini joto, yaani ayodini, kwenye thairoglobulini ili homoni itengenezwe. Kimeng'enya hicho ndicho TPO, na herufi hizo ndizo zilizoko leo kwenye karatasi za majibu: anti-TPO, na jirani yake anti-Tg kwa ajili ya thairoglobulini.

Karatasi kama hiyo ndiyo aliyonionyesha mdogo wangu, mwenye Hashimoto, baada ya kupimwa mara ya pili. Mara ya kwanza namba ya anti-TPO ilikuwa mia tatu na kitu. Safari hii, katika maabara nyingine, ilizidi mia tano. Amekuwa akimeza dawa kila asubuhi kabla ya chai bila kukosa. "Dada, dawa hainisaidii," aliniambia, na niliona amelia njiani.

Dawa ilikuwa inamsaidia. TSH yake, mstari wa juu kabisa wa karatasi ileile, ilikuwa imerudi katika kiwango cha kawaida. Hakuna aliyemwambia auangalie huo.

Ndiyo maana naiona historia hii kuwa na faida kwa mgonjwa. Kipimo hiki kilizaliwa kujibu swali la Doniach: ni nani anayeishambulia tezi? Kinamtaja mshambuliaji. Hakikutengenezwa kupima tezi imebakiwa na nguvu kiasi gani, wala mgonjwa ameze mikrogramu ngapi za dawa. Kazi hiyo ni ya TSH, homoni ambayo pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huitoa kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikilegea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Dawa ikitosha, hushuka. Levothairoksini, ile dawa anayoimeza mdogo wangu, hujaza homoni iliyopungua, lakini haijaundwa kuzituliza kingamwili. Zikipanda au zikishuka, dozi haibadilishwi kwa sababu yake. Isitoshe, maabara tofauti hutumia vifaa tofauti na mipaka tofauti, hivyo mia tatu ya huku na mia tano ya kule si namba za kulinganishwa.

Tena, kingamwili peke yake hazisemi mtu ni mgonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulizikuta anti-TPO kwa watu wapatao 13 katika kila 100, na wengi wao tezi zao zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Zinachofanya ni kuonya. Katika eneo la Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, watu wazima 2,779 walipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakatafutwa tena baada ya miaka 20. Kwa wanawake waliokuwa na kingamwili huku TSH ikiwa ya kawaida, wapatao 2 katika kila 100 walipungukiwa homoni kila mwaka. Kama TSH nayo ilikuwa imeanza kupanda, walikuwa zaidi ya 4.

Onyo hilo lina uzito wa pekee kwa mwanamke anayetaka kuzaa. Akiwa na anti-TPO, TSH yake inastahili kuangaliwa kwa karibu wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, maana tezi inaweza kuyumba wakati huo. Kingamwili zenyewe huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hata hivyo watoto walio wengi huzaliwa na tezi nzima. Hilo linatuambia kwamba uharibifu mkubwa hufanywa na limfosaiti zilizoingia ndani ya tezi, zile alizoziona Hashimoto. Kingamwili tunazozihesabu kwenye damu ni alama ya uwepo wao.

Kwetu kuna jambo jingine. Tumezoea rovu linalotokana na upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini joto imewaokoa wengi, hasa milimani. Kwa hiyo anayevimba shingo huambiwa na majirani aongeze madini joto, na wapo wanaonunua matone na vidonge vyake. Kwa mwenye Hashimoto, madini joto yakizidi yanaweza kuidhoofisha tezi zaidi. Chumvi ya kawaida ya mezani inamtosha.

Mdogo wangu aliporudi kwa daktari hakuandikiwa kipimo kingine cha kingamwili. Aliongezewa dozi kidogo miezi kadhaa baadaye, TSH ilipopanda, akaambiwa arudi kupima baada ya wiki sita hadi nane. Karatasi ya anti-TPO ameiweka mwanzoni mwa faili lake, na juu yake, kwa kalamu ya bluu, ameandika jina la ugonjwa wake na mwaka alioujua.