Kasuku wa kijivu: Je, ni haki kumfungia tunduni?

KASUKU wa kijivu ni miongoni mwa ndege wanaopendwa mno na binadamu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Ndege huyu mwenye mkia mwekundu na uzani wa gramu 400 hivi huishi katika misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, kupitia Uganda hadi magharibi mwa Kenya, ambako wamesalia wachache tu katika msitu wa Kakamega. Kilichompa umaarufu ni uwezo wake wa kuiga usemi wa watu.

Wengi huchukulia kipaji hicho kuwa mchezo wa kuwatumbuiza wageni. Utafiti umeonyesha vinginevyo. Mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku aliyeitwa Alex mwaka wa 1977 na kumfunza kwa miaka 30. Kufikia kifo chake mwaka wa 2007, Alex alikuwa akitaja rangi na maumbo ya vitu, na kuhesabu hadi sita.

Akili ya namna hiyo haikuumbiwa upweke. Porini, kasuku hulala pamoja kwa makundi makubwa, na huwasiliana kwa sauti mchana kutwa. Anayefungiwa peke yake huwaiga watu kwa sababu hao ndio jamaa pekee aliobakia nao. Akikosa hata hao, mara nyingi huanza kujinyonyoa manyoya hadi ngozi ikabaki wazi. Isitoshe, anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, hivyo huenda akamzika mwenyewe aliyemnunua.

Mateso huanza kabla ya tundu. Wategaji hupaka matawi ulimbo na kumweka kasuku mwingine hapo ili awavutie wenzake, au hupanda miti mirefu na kuchukua makinda. Makadirio ni kuwa kati ya asilimia 30 na 66 ya wanaonaswa hufa kabla ya kufika sokoni. Kwa hivyo, anayenunua ndege mmoja wa porini huenda amelipia vifo vya wengine asiowaona.

Kati ya 1975 na 2013, zaidi ya kasuku milioni 1.3 walionaswa porini waliuzwa nje ya nchi zao kihalali. Waliouzwa kimagendo hawamo katika hesabu hiyo. Ndege huyu hutaga mayai machache, tena katika mashimo ya miti mikubwa ambayo nayo inakatwa, kwa hiyo pengo haliwahi kuzibika. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kuwa idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992.

Mwaka huo huo wa 2016, wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini (CITES) walikutana Johannesburg. Nchi 95 ziliunga mkono kupigwa marufuku kwa biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, 35 zikapinga. Marufuku hiyo ilianza kutekelezwa Januari 2017. Hapa Kenya, kumfuga kasuku huyu kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Wapo wanaosema kuwa ndege aliyezaliwa tunduni, kama wale wanaozalishwa kwa wingi Afrika Kusini, hana pori la kulilia. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ndege huyo hakuibwa msituni. Hata hivyo, kuzaliwa kifungoni hakukumwondolea haja ya wenzake wala ya kuruka. Aidha, ni vigumu kwa mnunuzi kumtofautisha na aliyenaswa, na walanguzi hutumia mwanya huo kwa stakabadhi bandia.

Je, aliye naye tayari afanye nini? Kumfungulia tu mlango si huruma, kwani ndege aliyezoea kulishwa hajui kujitafutia wala kumkwepa mwewe. Aliye na ndege kama huyo awaarifu maafisa wa KWS na kufuata ushauri wao, na kwa sasa ampe nafasi, matunda na watu wa kuzungumza naye. Asiye naye anaweza kutoa msaada mkubwa zaidi kwa kutonunua. Mategemeo ya mtegaji ni mnunuzi, na pasipo mnunuzi ulimbo haupakwi.