Mwalimu wa Hisabati Aliyegeuka Mkutubi

Mwezi wa Januari mwaka wa 1924 mwalimu mmoja wa hisabati katika Bara Hindi alishika kazi asiyokuwa na ujuzi nayo hata kidogo. Jina lake lilikuwa Shiyali Ramamrita Ranganathan, umri wake miaka 31, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuwa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Madras. Inasimuliwa kwamba elimu yote aliyokuwa nayo juu ya maktaba siku ya kuhojiwa aliipata katika kurasa za Encyclopaedia Britannica siku chache kabla. Kilichomvuta kilikuwa mshahara. Nasi walimu hatuna haki ya kumcheka kwa hilo.

Hazikupita siku nyingi akachoka. Alizoea darasa lenye vijana na maswali yao; sasa alikaa katika ukimya, vitabu vingi, wasomaji haba. Akarudi chuoni alikotoka kuomba nafasi yake ya kufundisha. Shauri alilopewa lilikuwa aende kwanza London kusomea ukutubi, na kama akirudi moyo wake ungali haujatulia, nafasi yake ataikuta. Alikwenda. Nafasi ile hakuidai tena.

Kilichombadilisha hakikuwa darasa peke yake. Alizuru maktaba nyingi za Uingereza, akaona watoto na mafundi wakiingia na kutoka na vitabu kama watu waendao sokoni. Siku moja, katika duka kubwa la Selfridges, akatazama muuzaji akionyesha mchezo wa watoto uitwao Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, pamoja na skrubu na nyuzi. Kwa vipande vile vile muuzaji aliunda chombo hiki, akakivunja, akaunda kingine. Mwana hisabati akapata jibu la jambo lililokuwa likimsumbua.

Jambo lenyewe ni hili. Maktaba nyingi za wakati ule zilipanga vitabu kwa utaratibu wa Melvil Dewey, Mmarekani, uliotolewa mwaka wa 1876. Dewey aliigawa elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu kumi tena, hata kila somo likawa na chumba chake kilichojengwa kabla kitabu hakijaandikwa. Mwenye kujenga nyumba hujipa ukumbi. Katika fungu la dini, sehemu saba kati ya kumi zilikuwa za Ukristo, na dini nyingine zote za ulimwengu zikasukumwa katika sehemu moja ya mwisho. Kiswahili nacho kimewekwa katika namba 496.392, ndani ya sehemu ya lugha zilizobaki baada ya zile za Ulaya kukaa kwa nafasi. Hapana shaka Dewey hakukusudia kumdhulumu mtu, lakini namba ni anwani, na mwenye anwani ya uchochoroni hapati wageni wengi.

Ranganathan hakutaka kujenga vyumba. Alitaka vipande vya kuungwa. Wakati wa kurejea nyumbani mwaka wa 1925 alianza kuujaribu utaratibu wake kwa vitabu vya maktaba ya meli, na mwaka wa 1933 akautoa kwa jina la Colon Classification, kwa kuwa vipande viliungwa kwa alama ya nukta mbili. Baadaye alieleza kwamba kila somo laweza kuulizwa maswali matano: nafsi yake ni nini, maada yake, tendo lake, mahali pake na wakati wake. Tuchukue mswada juu ya kutibu homa ya watoto kwa mitishamba kisiwani Pemba katika karne ya 19. Mkutubi wa zamani angalilazimika kuchagua: je, ni utabibu, ni elimu ya mimea, au ni historia? Kwa njia hii halazimiki. Kila kipande huandikwa, na mwenye kutafuta aweza kuufikia kwa mlango wowote.

Mwaka wa 1931 alitoa kitabu cha kanuni tano za maktaba. Ya kwanza yahusu matumizi ya vitabu, nayo yaonekana nyepesi mpaka ukumbuke kwamba katika maktaba za kale za Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo. Nyingine zamdai mkutubi amkutanishe kila msomaji na kitabu chake, wala asimpotezee wakati.

Utaratibu wake haukushinda. Alama zake zilirefuka hata zikawa taabu kuandikwa mgongoni mwa kitabu, na nje ya Bara Hindi rafu zilibaki kwa Dewey. Lakini fikira yake ilishika njia nyingine. Mwaka wa 1955 kundi la wakutubi watafiti wa London lilitangaza kwamba upangaji wa namna ile ndio uwe msingi wa njia zote za kutafuta habari. Leo atafutaye kitu katika intaneti, akichagua mahali, kisha mwaka, kisha lugha, anatumia maswali ya Ranganathan bila kujua. Mwenyewe alianzisha kituo cha mafunzo ya kazi hiyo mjini Bangalore mwaka wa 1962, akafariki mwaka wa 1972. Akiba yake ya rupia 100,000 alikuwa amekwisha kuitoa kwa chuo cha Madras, ili pawe na uprofesa wa ukutubi kwa jina la mkewe, Sarada.

Mswada wa Pemba niliutaja kwa sababu. Niliutafuta miaka miwili katika maktaba moja nisiyoitaja, chini ya Kiswahili na chini ya utabibu, nikaambiwa haupo. Ulikuwapo, miongoni mwa vitabu vya Kiarabu, kwa kuwa aliyeupokea alitazama hati asiisome lugha. Aliyenitolea ni mzee mmoja mfagizi wa ghala, aliyekumbuka siku ulipoletwa. Jina lake halimo katika kadi yoyote, na mwaka uliofuata alistaafu. Nilipopita tena kadi ya mswada ilikuwa ni ile ile, na kijana niliyemkuta pale alikuwa hajapata kumsikia mzee yule.