Ufipa na Ushahidi wa Unywele

Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkuu ni Sumbawanga. Wapitao huko husifu baridi yake, mahindi yake na ulezi wake; lakini mwanafunzi wa historia anayo sababu nyingine ya kuitazama nchi hii. Mafundi wake walijua kukitoa chuma katika udongo, na mji wake una jina linalotokana na hofu ya kitu kilichofichika. Mambo haya mawili, ujuzi wa madini na hofu ya siri, yamekutana tena katika zama zetu kwa njia ambayo wazee wasingeidhani. Siku hizi mtu huambiwa kwamba akikata kishungi cha nywele zake na kukipeleka maabara, atasomewa madini yote yaliyomo mwilini mwake, yaliyopungua na yaliyozidi, pamoja na sumu asizozijua. Makala haya yanakusudia kupima dai hilo kwa kipimo cha historia, maana ndani yake mna ukweli mkubwa na udanganyifu mkubwa, na hasara ya kutovitenganisha huwaangukia watu maskini.

Kwanza tutazame madini yalipokuwa bado nje ya mwili. Tanuri za Wafipa, ziitwazo malungu, zilijengwa kwa udongo, na kimo chake kilimpita mtu mrefu, nyingine zikifika kadiri ya mita 3. Hazikuvukutwa kwa viriba. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini, ikapanda kwa nguvu ya joto, na mtapo uliotiwa pamoja na mkaa ukayeyuka polepole. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kimechanganyika na mavi yake, basi kikasafishwa mara ya pili katika tanuri ndogo iliyovukutwa, kisha mhunzi akafua majembe, shoka na mikuki. Kazi hii ilielezwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958. Baadaye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliyachunguza mabaki yake katika tasnifu aliyoimaliza mwaka 1995.

Mafundi hao walikuwa na dawa zao na miiko yao, wala hapana haja ya kulificha jambo hilo. Walakini palikuwa na hukumu ambayo dawa haikuweza kuikwepa. Tanuri ilipofunguliwa, chuma kilikuwamo au hakikuwamo. Jembe lililofuliwa vibaya lilivunjika shambani mbele ya macho ya mwenye nalo. Ujuzi wa namna hii hujisahihisha wenyewe, kwa kuwa kosa lake haliwezi kufichwa.

Habari ya jina la mji ni nyingine. Wenyeji husema kwamba Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi: ajaye aache nje alichokibeba. Jina hilo laonyesha jinsi watu walivyosumbuliwa na swali la nini kimo ndani ya jirani yao. Swali hilo lilileta wajibuji wengi. Mwaka 1934 Audrey Richards, mwanazuoni wa mila, aliwaona katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, vijana walioitwa Bamuchapi, waliowapanga wanakijiji katika safu na kuwatazama kwa kioo ili kumjua mchawi. Mwaka 1963 na 1964 harakati ya namna hiyo, iliyoitwa Kamchape, iliingia Ufipa, na Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti huko wakati ule, akaandika habari zake. Nywele nazo zimo katika historia hii. Katika mila nyingi za Afrika ya Mashariki nywele zilizonyolewa hazitupwi ovyo, kwa kuhofia mtu mwenye nia mbaya. Na huko Ulanga, mbali na Ufipa, Maia Green alieleza mwaka 1994 desturi ya kunyolewa, ambayo kwayo uchawi ulidhaniwa kuondolewa mwilini pamoja na nywele.

Tofauti ya kioo na tanuri ni hii: kioo hakikuwa na siku ya kufunguliwa. Aliyeambiwa kuwa ni mchawi hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba si mchawi, na aliyekitazama kioo hakuwa na njia ya kujua kwamba amekosa. Msomaji na aishike tofauti hiyo, maana itatufaa tutakapofika kwenye maabara.

Ama kuhusu unywele wenyewe, elimu ya leo inakubali kwamba waweza kuwa shahidi. Unywele hukua kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi. Unapoumbwa ndani ya ngozi hulishwa na damu, na kwa kuwa una salfa nyingi, baadhi ya metali hushikamana nao na kubaki humo. Kwa hiyo unywele wenye urefu wa sentimita 12 ni kama daftari la mwaka mmoja: karibu na ngozi ni habari za mwezi huu, na kwenye ncha ni habari za mwaka jana. Metali inayoandikwa vizuri kuliko zote katika daftari hilo ni zebaki ya namna moja, ile iliyogeuzwa na vijidudu vya majini kuwa methili-zebaki na kuingia katika samaki.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa msiba. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini na kuliwa pamoja na samaki. Msiba wa pili ulikuwa Iraki, na mkulima wa Ufipa, apandaye mbegu za mahindi zilizopakwa dawa, yampasa ausikie. Katika majira ya baridi ya mwaka 1971 na 1972 wakulima walipewa mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya zebaki kwa ajili ya kupanda. Wengi walisaga mbegu hizo wakaoka mikate. Baadhi yao waliziosha mpaka rangi ya onyo ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifia humo. Wataalamu walipokata nywele za wagonjwa vipande vipande na kupima kila kipande, waliweza kuona mwezi ambao mgonjwa alianza kula mkate ule na mwezi alioacha. Ushahidi huo ungeweza kulinganishwa na habari za mavuno, za mikate na za hospitali, nao ulilingana. Karibu na kwetu, katika Visiwa vya Shelisheli, watafiti walipima nywele za akina mama wala samaki na kufuatilia watoto wao. Kundi lao kubwa, lililoandikishwa mwaka 1989 na 1990, lilikuwa na mama na watoto 779.

Tanzania nayo imefika mbele ya shahidi huyu. Katika nchi ya dhahabu iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko ule ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishirikiana na Hirokatsu Akagi wa Japani kuchunguza zebaki hiyo katika mazingira. Masazumi Harada, daktari aliyewahudumia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alikuja na wenzake kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1999. Humo mna fundisho kubwa. Baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno nywelezani hawakuwa wachimbaji, na methili-zebaki ya samaki ilikuwa kidogo tu ndani ya nywele zile. Tuhuma ikaangukia sabuni zenye zebaki, zilizotumiwa kuing'arisha ngozi. Kama watafiti hao wangalipima zebaki kwa jumla na kuishia hapo, samaki wa ziwa wangalilaumiwa kwa kosa la sabuni. Mwaka 2003, katika kijiji cha Rwamagasa, Geita, wapimaji wengine hawakutegemea nywele peke yake. Walichukua pia damu na mkojo, wakawachunguza watu kwa dalili za ugonjwa.

Sababu ya tahadhari hiyo ni nyepesi kuelewa. Mvuke wa zebaki unaopanda kutoka kwenye karai la mchomaji hutua juu ya nywele zake kutoka nje, kama vumbi la njiani. Maabara haiwezi kwa wepesi kutenganisha kilichotua nje na kilichotoka ndani. Kwa hiyo mchomaji wa dhahabu, aulizwe mkojo wake. Mla samaki, aulizwe unywele wake. Na aliyeingiwa na risasi, iulizwe damu yake.

Sasa turudi Rukwa. Upande wa pili wa ziwa, katika Chunya, dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo watu wengi wameichimba. Maji ya nchi ile huteremkia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto wa kulitoa maji yake. Kinachoingia humo hubaki humo. Kaskazini, huko Mpanda, palikuwa na mgodi wa risasi ulioletewa reli kutoka Kaliua mwaka 1950, na ambao ulifungwa mwaka 1960. Basi mvuvi wa Rukwa na mkewe mjamzito wanayo haki ya kuuliza kuna nini katika chakula chao, na kwa swali hilo mahsusi unywele ni shahidi wa kuaminika, usio na maumivu, unaobebeka katika bahasha kwa safari ndefu bila barafu. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mkataba hauwezi kutekelezwa bila vipimo.

Lakini mfanyabiashara hauliz­i swali mahsusi. Yeye hupima madini 20 au 30 kwa mara moja, huchora safu za juu na chini, kisha huuza vidonge vya kusawazisha. Mwaka 1985 Stephen Barrett wa Marekani alieleza jinsi alivyopeleka nywele za wasichana wawili wenye afya kwa maabara 13 za biashara. Majibu yalipingana, na hata kipimo cha kawaida hakikuwa kimoja. Mwaka 2001 watafiti wa California waligawa nywele za mtu mmoja mwenye afya na kuzipeleka kwa maabara 6. Katika madini 12, jibu la juu lilizidi jibu la chini zaidi ya mara 10. Hapa ndipo kioo kinaporudi. Aliyeambiwa kwamba zinki yake imepungua hana siku ya kuifungua tanuri. Akinywa vidonge na kujiona mzima, dawa husifiwa. Asipojiona mzima, huambiwa aongeze.

Ubaya wa biashara hiyo waonekana zaidi tukikumbuka kwamba upungufu wa kweli wa madini umewahi kuwatesa watu wa nyanda za juu za kusini, Rukwa ikiwa mojawapo, wala unywele haukuhitajiwa ili kuujua. Huo ni upungufu wa madini joto, uletao rovu shingoni na kudhoofisha akili ya mtoto tangu tumboni. Ulijulikana kwa kuzipapasa shingo za watoto wa shule na kwa kupima mkojo. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini hayo vilianza kugawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 chumvi ikaamriwa kutiwa madini joto. Chumvi ni kitu cha kale katika bonde hili: huko Ivuna, kusini ya Ziwa Rukwa, Brian Fagan na John Yellen walifukua mabaki ya kazi ya kupika chumvi, na taarifa yao ikatoka mwaka 1968. Kazi ya siku hizi ni kuhakikisha kwamba chumvi ifikayo jikoni, ya kiwandani na ya wapikaji wadogo, ina madini hayo. Fedha ambayo mzazi angempa muuza vipimo yatosha kununua chumvi hiyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo haifai kuukataa unywele, wala haifai kuuamini katika kila neno. Shahidi hutakiwa aulizwe alichokiona. Unywele umeiona methili-zebaki ya samaki, na umeieleza sawasawa huko Iraki na Shelisheli. Juu ya zinki, kalisi na wingi wa mengine, ushahidi wake haujasimama. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotoka Ufipa wanayo kazi hapa: kwenda kando ya Ziwa Rukwa, kuwapima wavuvi na wachomaji wa dhahabu kwa kipimo kinachompasa kila mmoja, na kurudi kijijini kuwasomea majibu kwa lugha wanayoielewa. Mfua chuma wa zamani alifungua tanuri yake mbele ya watu. Mpimaji naye afanye vivyo hivyo.